Kisanduku cha «Iko wapi»

Risasi ya kwanza iliyoingia katika siber ya Aboubakar, duka lake la intaneti pale Nyawera, ilivunja kioo cha mlango, ikapita juu ya kichwa cha mteja aliyekuwa akimwandikia dada yake, ikaishia ndani ya kompyuta namba tatu. Kompyuta ilitoa moshi kidogo, ikazimika. Mteja alibaki ameketi, vidole juu ya herufi, kana kwamba bado alitaka kumaliza sentensi. Séraphine, msimamizi wa siber, ndiye aliyemvuta chini kwa kola ya shati.

"Lala chini, papa! Utakufa!"

Ilikuwa Jumatano, tarehe ishirini na sita Mei 2004. Wanajeshi wa jeshi moja walikuwa wamegawanyika pande mbili na sasa walipigana mtaa kwa mtaa, na sisi raia wa Bukavu tulikuwa katikati. Séraphine alilala kifudifudi kwenye simenti pamoja na wateja sita na Aboubakar mwenyewe. Aboubakar alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na mitano, mwenye tumbo na kofia ya kushonwa kwa mkono. Wazee wake walitoka pwani, wakafanya biashara Uvira miaka mingi kabla yeye hajafungua duka Bukavu. Walilala hivyo tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana.

Walipotoka, nje ya mlango palikuwa na mwanamke muuza ndizi, ameketi akiegemea ukuta, sinia mapajani. Risasi ilikuwa imempata shingoni. Watu walimpita mbio, kila mtu akikimbilia kwake.

"Hakuna mwenye anamujua?" Séraphine aliuliza. "Hakuna mwenye anajua kwake ni wapi?"

 Aboubakar alivua koti lake, akamfunika uso.

Jina lake kamili Séraphine lilikuwa Séraphine M'Cirhuza. Baba yake, Cirhuza, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Cimpunda. Vita vya kwanza vilipoingia mjini mwaka 1996, Séraphine alikuwa na miaka kumi na saba. Familia nzima ilikimbia kwa miguu kuelekea Bunyakiri, pamoja na maelfu ya wengine. Siku ya tatu watu wenye silaha waliufyatulia umati risasi njiani. Baba yake alianguka kwenye mfereji, hakuinuka. Katika mbio zile mama yake aliushika mkono wa mtoto aliyedhani ni wake, na aliposimama kupumua akakuta ni mtoto wa mtu mwingine. Aganze, mdogo wake Séraphine, mwenye miaka tisa, hakuonekana tena.

Kwenye ukuta wa shule moja ya Bunyakiri watu walikuwa wakiandika majina kwa makaa: fulani anatafuta fulani, fulani amepita hapa anaenda Hombo. Séraphine aliandika la mdogo wake kwa herufi kubwa. Kesho yake mvua ilinyesha, na upepo uliipiga ile mvua ukutani, majina yote yakafutika. Aganze hakuonekana hadi leo.

Baada ya vita vile, na vile vilivyofuata 1998, alisoma usekretari, akajifunza kompyuta, na mwaka 2002 Aboubakar akamwajiri. Siber ilikuwa na mashine nane mbele na depo ya bidhaa nyuma: sabuni, unga, chumvi, betri. Kulikuwa na mhandisi mmoja mgeni aliyekuja kila Jumamosi kusoma barua zake. Siku alipoondoka nchini alimwachia Séraphine kitabu kinene cha Kifaransa kuhusu kutengeneza kurasa za intaneti ambazo mtu anaweza kujaza na zikamjibu.

Alikisoma kitabu kile mwaka mzima, penseli mkononi. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa mweupe kabisa, kwa sababu alisahau nukta moja yenye mkia mwisho wa mstari wa kumi na nne, akaitafuta siku tatu. Ukurasa wa pili uliuliza jina. Alimwita Aboubakar, akamwambia aandike lake na abonyeze. Mashine ikaandika: Jambo, Papa Aboubakar.

"Nani amemwambia mimi ni papa?" Aboubakar aliuliza, akicheka hadi machozi. Aliandika majina ya watoto wake wote tisa, na mashine ikawaita wote papa.

Februari ile ya 2004 Séraphine akatengeneza kitu cha maana. Wateja waligombana kila siku juu ya nani amefika kwanza. Basi alitengeneza fomu yenye visanduku viwili, jina na saa, na mteja angeweza kuweka nafasi hata akiwa kwenye kompyuta nyingine mjini. Kisanduku chochote kikiwa kitupu, mashine ilikataa. Na orodha yote ilionekana kwa kila mtu, ili pasiwe na wa kusema amepitwa kwa siri. Kurasa zenyewe zilikaa kwenye seva ya ng'ambo, mali ya kampuni iliyotoa nafasi bure. Ilifanya kazi bila tatizo miezi mitatu. Magomvi yaliisha.

Siku mbili baada ya ile risasi, sanduku la barua pepe la siber lilijaa. Wana wa Bukavu waliokuwa Kinshasa, Nairobi, Lusaka na Ubelgiji hawakuwapata wazazi wao kwa simu. Tafadhali, mpite Muhungu mutazame kama mama yangu iko. Tafadhali, kaka yangu anakaa karibu na soko la Kadutu. Séraphine alijibu moja moja, hadi akaona barua kumi na mbili zinazomtafuta mzee yule yule. Ndipo alipoifungua fomu yake ya kuweka nafasi, akabadilisha maneno. Pale palipoandikwa saa, aliandika: Iko wapi. Juu kabisa aliweka kichwa: Tafuta mtu wako.

Kilichomsumbua zaidi ni tahajia. Mtu wa Bukavu anaandika Cirhuza, mtoto wake aliyesoma Kinshasa anaandika Tshiruza, mjukuu wa Ubelgiji anaandika Chiruza. Alikaa asubuhi nzima akiifundisha mashine kwamba hawa watatu ni mtu mmoja. Kuhusu mambo mengine hakufikiri sana. Orodha ilibaki wazi kwa wote kama ilivyokuwa, na kisanduku kitupu kiliendelea kukataliwa.

Tarehe mbili Juni waasi, yaani ule upande ulioiasi serikali, waliuteka mji wote.

Walipora Nyawera duka kwa duka. Siber walibeba viti, wakabeba kompyuta sita, na ile namba tatu iliyokufa wakaipiga mateke. Lakini mlango wa depo ulikuwa nyuma ya rundo la katoni, hawakuuona, na sahani ya setilaiti juu ya paa walidhani ni ya televisheni. Aboubakar alikuwa ameficha kompyuta moja katikati ya magunia ya unga. Asubuhi iliyofuata Séraphine alipitia uchochoro wa nyuma, akaiwasha. Umeme ulikuwepo. Mtandao ulikuwepo.

Habari zilienea kwa wanawake, kwa sababu wanaume waliogopa kutembea. Waliingia mmoja mmoja kupitia uchochoroni, nguo chafu, macho mekundu. Mmoja alitaka kuandika kwamba binti zake wanne wako kwa masista, nyuma, chumba cha kufulia. Mwingine alikuwa amebakwa na wanajeshi watatu mbele ya watoto wake, na alichotaka kuandika ni jina la mume tu, ili mume aliyekimbilia Kalehe ajue kwamba watoto wako hai. "Yangu usiandike," alisema. Siku ya pili orodha ilikuwa na majina mia nne na kumi na mbili, na watu wa ng'ambo waliisoma usiku na mchana.

Ijumaa alikuja Maombi, mke wa muuguzi mmoja aliyeitwa Ignace. Ignace alikuwa amewafunga vidonda wanajeshi wa serikali kwenye kituo cha afya, na waasi walikuwa wakimtafuta kwa hilo. Mdogo wake aliyekuwa Ubelgiji alisema anaweza kupata boti ya shirika fulani imtoe, mradi ajue pa kumchukua.

"Iko kwa dada yake, Maman Constance, kule Cimpunda," Maombi alisema kwa sauti ya chini. Alitaja avenyu, kisha namba ya nyumba, arobaini na moja, kwa Kifaransa. "Numéro quarante et un. Lakini Séraphine, ni lazima tuandike pahali?"

"Ni lazima, maman. Mashini inakataa kama kisanduku iko mutupu."

Maombi alitazama kioo cha kompyuta, akatazama mlango. "Basi andika," alisema. Nyuma yake kulikuwa na wanawake wanane wakisubiri. Séraphine aliandika haraka, akabonyeza, akamwita mwingine.

Jumamosi saa sita mchana, wanajeshi watano walipanda Cimpunda na karatasi mkononi. Hawakuuliza njia. Walikwenda moja kwa moja kwenye avenyu ile, wakahesabu nyumba, wakavunja mlango wa namba kumi na nne.

Mle ndani alikaa Barthélemy, fundi viatu, na mkewe aliyeitwa Sikujua na watoto wao watatu. Barthélemy alikuwa ameketi kwenye kigoda akishona soli.

"Ignace iko wapi?"

"Ignace gani, bakubwa? Hapa hakuna Ignace. Mimi niko fundi wa biatu, muone mwenyewe."

"Karatasi inasema quatorze. Hapa ni quatorze."

Walimpiga kwa kitako cha bunduki hadi akaanguka juu ya viatu vya wateja. Waliligeuza godoro, wakabomoa dari la mikeka, wakamshika mtoto mkubwa kwa sikio na kumuuliza muuguzi amefichwa wapi. Mtoto alilia tu. Barthélemy akajitupa kwenye miguu ya yule aliyemshika mtoto, na mwanajeshi mwingine akampiga risasi mbili, mgongoni na kisogoni. Kisha wakatoka. Mmoja alifutia buti yake kwenye pazia la mlango.

Nyumba namba arobaini na moja, mwendo mdogo tu juu ya mteremko huo huo, Ignace alisikia ile milio miwili. Alitoka kwa dirisha la nyuma, akateremka kwenye bonde, na usiku wa tatu akawa njiani kwenda Bunyakiri.

Séraphine alipata habari Jumapili asubuhi. Kwao kulikuwa mtaa ule ule wa Cimpunda, na mama yake ndiye aliyemwambia: wamemuua fundi viatu, walikuwa wanamtafuta muguzi mmoja. Alisimama na kikombe cha chai mkononi. Aliuliza nyumba ilikuwa namba ngapi.

Alipofika, mwili ulikuwa umelazwa kwenye mkeka, umefunikwa kitenge. Sikujua alikuwa ameketi uani na beseni, akisugua damu kwenye viatu vya watu, jozi baada ya jozi, na kuvipanga juani. Wenyewe walikuwa wameshaanza kuvijia. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Maman Constance, dada yake Ignace, alikuwepo pia. Alimvuta Séraphine pembeni na kumpa karatasi iliyokunjwa. "Balitupa hii pale mulangoni. Wewe umesoma, unajua hii ni nini?"

Ilikuwa karatasi iliyochapwa na mashine. Juu kabisa iliandikwa Tafuta mtu wako. Katikati mtu alikuwa amezungushia kalamu nyekundu mstari mmoja: Ignace, muguzi, Cimpunda, kwa Maman Constance, avenyu ile, no 14. Aliusoma mara mbili. Vidole vyake vilikuwa vimegeuza tarakimu. Alikuwa ameandika kumi na nne mahali pa arobaini na moja. Mji ulikuwa bado na ofisi mbili tatu zenye printa. Ni nani aliyeichapa karatasi ile hatukujua wakati ule, na hatujui sasa.

Angeweza kuikunja na kuondoka. Constance hakuelewa, na Sikujua hakuwa ameinua kichwa. Séraphine alikwenda akapiga magoti mbele ya beseni.

"Maman Sikujua. Hii karatasi inatoka kwangu."

"Karatasi gani?"

"Hii yenye baskari balikuja nayo. Mimi ndiye nimeandika. Nilitaka batu bapatane. Nikaandika pahali ya Ignace, na numéro nikakosea. Ndio maana baliingia kwako."

Sikujua alimtazama, akaitazama karatasi. Kisha akamgeukia Constance, naye Constance, aliyekuwa ameelewa mwishowe, akaanza kulia kwa sauti. Ndipo Sikujua alipomwelewa. Alikuwa na kiatu mkononi, kiatu cha kiume chenye kisigino cha mbao. Alimpiga nacho Séraphine mdomoni, kisha juu ya jicho, kisha mdomoni tena. Séraphine hakuinua mkono. Damu yake ilidondokea kwenye maji ya beseni. Majirani walipomshika Sikujua, alikuwa akihema.

"Toka kwangu," alisema. "Usinililie hapa. Toka."

Alishuka hadi Nyawera kwa miguu, mdomo umevimba, akiwapita wanajeshi kwenye kona bila kuwatazama. Aboubakar alipomwona alidhani amevamiwa, akaita jina la Mungu. Séraphine alimweleza yote kwa sentensi nne.

"Funga hiyo kitu," Aboubakar alisema. "Funga leo, mutoto yangu. Itatumaliza."

"Nikiifunga, bale mia ine bote banapotea tena."

"Na ukiiacha?"

Séraphine aliwasha mashine. Alikaa mbele ya kompyuta. Jambo la kwanza alilofanya, kabla ya kufikiri lingine lolote, lilikuwa kufuta safu nzima ya Iko wapi. Mashine ilimuuliza kama ana uhakika. Alibonyeza ndiyo. Anwani zote, zaidi ya mia nne, zilitoweka kwa kufumba na kufumbua, na alijua hakuna nakala.

Kisha akaanza upya, kuanzia saa nne asubuhi ile ya Jumapili hadi giza. Orodha haikuonekana tena. Mtu alilazimika kujua jina analotafuta, na mashine ilimjibu mambo mawili tu: hatuna habari, au yuko hai, acha ujumbe. Aliyetafutwa alipewa neno la siri, na kwa neno hilo alisoma ujumbe wake na kuamua mwenyewe kujibu au kunyamaza. Hapakuwa na kisanduku cha mahali popote. Aboubakar aliketi kwenye gunia nyuma yake, akijifanya mwizi. Aliandika majina ya uongo, akabonyeza hapa na pale, akajaribu kuipata anwani ya mtu. Alipopata tundu moja, wakaliziba. Walipomaliza, mzee alisema hajawahi kuchoka hivyo tangu afe baba yake.

Jumatatu waasi waliwakuta.

Huenda mtu aliwaonyesha, huenda walifuata tu wanawake. Walikuwa watatu, na ofisa kijana mwenye saa mbili mkononi. Walisukuma katoni, wakaingia depo. Ofisa alikuwa na karatasi iliyochapwa, kama ile.

"Nani ndiye Tafuta mtu wako?"

Aboubakar alisimama mbele ya Séraphine. "Mukubwa, huyu ni mufanyakazi wangu. Duka ni yangu. Kama kuko makosa, muniulize mimi."

Kitako cha bunduki kilimpata kwenye taya. Kofia iliruka, meno mawili yakaanguka kwenye unga uliomwagika. Alipotaka kuinuka, walimpiga tena mbavuni, akabaki chini.

"Fungua," ofisa alimwambia Séraphine.

Alifungua. Ofisa aliandika jina kwa kidole kimoja. Mashine ikajibu: yuko hai, acha ujumbe. Akaandika lingine. Yuko hai, acha ujumbe.

"Pahali iko wapi? Mbele ilikuwa hapa."

"Nimefuta."

"Rudisha."

"Haiwezi kurudi. Hata mimi siwezi."

Hilo lilikuwa kweli kuhusu mashine. Kompyuta ilikuwa imesahau, yeye hakusahau. Alikuwa amezichapa anwani zile kwa mikono yake, nyingi siku mbili tatu tu zilizopita. Alijua wasichana wanne wako kwenye chumba cha kufulia cha masista. Alijua mzee yuko kwenye dari ya kanisa gani. Alisema baadaye kwamba hofu yake kubwa haikuwa kufa. Alihofia kinywa chake mwenyewe.

Waliulaza mkono wake wa kulia juu ya meza. Ofisa aliuliza, "Iko wapi?" na mwanajeshi akashusha kitako cha bunduki. Aliuliza mara ya pili, kikashuka tena. Mara ya tatu Séraphine alisikia kitu kikikatika kabla ya kusikia maumivu. Alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Alimwita mama yake, akamwita baba yake aliyebaki kwenye mfereji. Anwani hakutaja hata moja.

Mwishowe ofisa alichoka, au aliamini. Aliipiga kompyuta risasi tatu, wakachukua katoni mbili za betri, wakatoka. Aboubakar alitambaa hadi kwake, akaufunga mkono ule kwa kofia yake, kwa sababu hakuona kitu kingine kisafi. Kwenye kituo cha afya dawa ya ganzi ilikuwa imekwisha. Muuguzi wa zamu alinyoosha vidole vitatu vivyo hivyo na kuvifunga kwenye vijiti.

Jumatano waasi waliondoka na jeshi la serikali likarudi. Watu walitoka barabarani, wakaimba. Lakini furaha ile ilikuwa na hasira ndani yake. Familia kadhaa za mjini, za kabila lililohesabiwa kuwa la waasi, zilikuwa zimevuka Ruzizi, mto wa mpakani, wakati wa mapigano baada ya ndugu zao kuuawa na watu wa upande wa pili. Nyingine zilijificha. Nazo pia zilikuwa kwenye tovuti ya Séraphine, kwa sababu hakumuuliza mtu kabila.

Juma lililofuata, Aboubakar akiwa ameazima kompyuta nyingine, na Séraphine akifanya kazi kwa mkono wa kushoto, kundi la vijana wa mtaa liliingia na dumu la petroli. Mbele yao alikuwa Camille, karani wa ofisi moja, yule yule aliyekuwa ameketi kwenye kompyuta namba tatu siku ya risasi.

"Sera, wewe iko mutoto ya hapa," Camille alisema, bila ukali. "Bale batu balituua. Tupatie majina ya bale benye kuvuka, na bale benye banajificha. Tunataka nyumba zao tu."

Séraphine aliuweka mkono wa vijiti juu ya meza, wauone.

"Bale ba juma lililopita baliniuliza neno ile ile, Papa Camille."

"Unatulinganisha na bo?"

"Dada yako alikuandikia humu. Umeshasoma ujumbe wake kwa neno yako ya siri. Nikifungulia hawa leo, kesho nitafungulia mwingine ya kwako. Chagua."

Camille alitazama chini. Kijana mmoja nyuma alitukana, akaupiga mlango teke, akamwita Séraphine mke wa waasi. Walitoka. Mchana ule ule nyumba moja iliungua Muhungu, na bibi kizee aliyekataa kuondoka akafia ndani. Hawakuhitaji orodha kwa hilo. Séraphine alisikia harufu ya moshi akiwa ndani ya depo.

Tovuti iliendelea. Hadi mwisho wa mwaka ilikuwa na majina elfu moja na mia tisa, wengine wa Kalehe na Bunyakiri, wengine waliovuka mto. Wale wasichana wanne walitoka kwa masista salama. Ignace alirudi Julai, amekonda. Alikwenda kwa Sikujua kumpa pole, akabisha hodi. Alifunguliwa na mtoto, akaambiwa mama hataki kumwona. Séraphine naye alipanda Cimpunda mara tatu mwaka ule. Mara zote tatu Sikujua alifunga mlango, na mara ya nne hakwenda, kwa sababu aliona kwamba anakwenda kwa ajili ya nafsi yake, si ya mjane. Miaka miwili baadaye Sikujua alihamia Uvira kwa kaka yake. Hakumsamehe, na Séraphine hakudai asamehewe.

Mwaka 2006 ile kampuni ya ng'ambo ilituma barua: seva za bure zitafungwa baada ya siku thelathini. Vita vilikuwa vimetulia mjini, simu zilikuwa nyingi, watafutaji wachache. Séraphine aliona sawa kufunga. Lakini kulikuwa na ujumbe arobaini na tatu ambao wenyewe hawakuwahi kuja kuusoma. Yeye na Aboubakar waliugawana wote, wakawatafuta watu wale mmoja mmoja, kwa simu, kwa parokia, kwa wauza soko. Waliwapata thelathini na mmoja. Wengine kumi na mmoja walikuwa wamekufa, na familia zao zikasomewa.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Kalehe ambaye hakuna aliyekuwa na simu yake. Séraphine alipanda boti ya asubuhi, ujumbe umekunjwa ndani ya kitambaa. Alimkuta mama yule jikoni kwake, akichagua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye ungo, paka miguuni. Mwanawe alikuwa amemwandikia kutoka Lusaka mwaka mmoja na nusu uliopita: yuko hai, ana kazi kwenye gereji, ameoa, wamepata mtoto wa kike na wamempa jina la bibi yake.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Alifuta mikono kwenye kitenge, akavuta kigoda cha pili karibu na moto.

"Ikaa kwanza, mutoto yangu," alisema. "Sasa soma tena, polepole."